Mlango wa Nne: Safari ya Herufi Delta

Ukipita katika vichochoro vya Mji Mkongwe, Unguja, utaiona milango mizito iliyochongwa maua na minyororo, na juu yake ubao wenye maandishi ya Kiarabu: aya ya Kurani, pengine jina la mwenye nyumba, pengine mwaka wa Hijria. Sisi watu wa pwani tumezoea kuona maandishi juu ya mlango. Historia ninayoileta hapa imekaa kinyume chake. Ni historia ya mlango uliokaa ndani ya maandishi kwa karibu miaka elfu nne, na watu wanaoupita kila siku hawajui kwamba ni mlango.

Mlango huo ni delta, herufi ya nne ya Kigiriki. Umbo lake kubwa ni pembetatu, Δ. Umbo lake dogo ni kijiduara chenye shingo iliyopinda, δ. Mwanafunzi wa sekondari huikuta kwenye hesabu, rubani huitamka angani, na mwaka 2021 dunia nzima iliitaja kwa hofu. Kwa Wagiriki wenyewe jina delta halikuwa na maana yoyote zaidi ya kuwa jina la herufi. Hiyo ndiyo alama ya kwanza kwamba walilipokea kwa watu wengine.

Kusini-magharibi mwa rasi ya Sinai kuna mlima uitwao Serabit el-Khadim. Mafarao walituma watu huko kuchimba feruzi, na juu ya mlima wakamjengea hekalu mungu wao wa kike Hathor. Miongoni mwa waliofanya kazi huko walikuwamo watu wa Kanaani waliosema lugha ya Kisemiti, ndugu ya Kiebrania na Kiarabu. Waliona maandishi ya Kimisri kila upande. Maandishi hayo yalikuwa na alama mamia kwa mamia, na kuyajua kulitaka miaka mingi chini ya mwalimu. Mchimba mawe hakuwa na miaka hiyo.

Ndipo mtu au watu ambao majina yao hayakuhifadhiwa walipofanya jambo dogo lililoigeuza dunia. Walichukua picha chache tu, wakaipa kila picha sauti ya kwanza ya jina lake katika lugha yao. Ni kama sisi tungechora nyumba kila tutakapo sauti ya ny, na kuchora kichwa kila tutakapo sauti ya k. Picha ya kichwa cha ng'ombe, alp, ikawa sauti ya mwanzo ya neno hilo. Picha ya nyumba, bayt, ikawa b. Mawimbi ya maji yakawa m. Nayo sauti ya d ikapewa mlango, dalt. Wapo wataalamu wanaosema kwamba hapo mwanzo sauti hiyo ilichorwa pia kwa picha ya samaki, lakini jina lililodumu ni la mlango. Mpaka leo Myahudi anayesema Kiebrania akitaka kutaja mlango husema delet.

Haya yalitokea takriban mwaka 1850 K.K., kisha yakafunikwa na mchanga. Mwaka 1905 mwanaakiolojia Mwingereza Flinders Petrie aliyakuta maandishi hayo ya ajabu Serabit el-Khadim, yamechorwa kwenye miamba na kwenye sanamu ndogo. Yeye hakuweza kuyasoma. Mwaka 1916 Alan Gardiner, bingwa wa Kimisri cha kale, alitangaza kwamba ameng'amua neno moja linalojirudia: Baalat, yaani Bibi, jina ambalo Wakanaani walimwita mungu huyo wa hekaluni. Sanamu moja iliyomsaidia, yenye umbo la simba mwenye kichwa cha binadamu, ina Kimisri na herufi hizo mpya kwenye jiwe lilelile. Iko katika makumbusho ya Uingereza mjini London.

Kutoka kwa watu hao wa kazi za mikono, herufi zilifika kwa Wafoinike, mabaharia wa miji ya Tiro, Sidoni na Byblos katika Lebanoni ya leo. Walizipanga zikawa 22, wakazipunguzia mapambo mpaka picha zikawa mistari mitupu. Mlango ukawa pembetatu. Nafasi yake ikawa ya nne: kwanza ng'ombe, pili nyumba, tatu gimel, nne mlango. Mshairi wa Kiswahili anapohesabu beti zake anataja nyumba hiyohiyo ya pili bila kujua, kwa sababu neno beti limetoka kwenye Kiarabu bayt, nyumba, nalo ni ndugu wa jina ambalo Wagiriki walilifanya beta.

Kutoka bandari za Wafoinike njia iligawanyika. Tawi moja lilikwenda nchi kavu. Waaramu walizichukua herufi, Wanabati wa jangwani wakazipokea kwao, na kutoka kwa Wanabati yakachipuka maandishi ya Kiarabu. Humo mlango wa kale unaitwa dal, au kama tunavyosema pwani, dali. Umbo lake limekuwa kijikunjo tu, د, lakini katika hesabu ya abjadi thamani yake bado ni 4. Tawi la pili lilipanda jahazi kuelekea magharibi.

Wagiriki walizipokea herufi katika karne ya 8 K.K. au muda mfupi kabla yake, na hawakuficha walikozipata. Mwanahistoria Herodotus aliandika kwamba ziliitwa herufi za Kifoinike, na kwamba aliyezileta ni Kadmos aliyetoka huko. Kadmos ni mtu wa hekaya, lakini majina yenyewe yanashuhudia. Alef, bet, gimel na dalet zikawa alfa, beta, gama na delta. Neno letu alfabeti ni mbili za kwanza zilizoshikana mikono.

Miongoni mwa maandishi ya Kigiriki ya kale kabisa tuliyonayo ni yale ya mtungi wa divai uliopatikana Athens mwaka 1871, wa takriban mwaka 740 K.K. Umeandikwa kwamba ni wa mchezaji ngoma atakayecheza kwa madaha kuliko wenzake. Mstari wake unakwenda kutoka kulia kwenda kushoto, kama Wafoinike walivyoandika na kama Waarabu wanavyoandika hadi leo. Mtungi huo ulipatikana makaburini karibu na lango la mji liitwalo Dipylon, jina lenye maana ya lango la milango miwili.

Wagiriki waliongeza jambo kubwa. Herufi ambazo sauti zake hazikuwamo kinywani mwao walizigeuza kuwa irabu: a, e, i, o. Maandishi ya Kifoinike yaliandika konsonanti tu, na msomaji akajaza mengine kichwani. Mwenye kusoma Kiswahili anaweza kuona thamani ya badiliko hilo mara moja, kwa kuwa lugha yetu bila irabu zilizoandikwa inatatiza: bata, bati na buti vyote vingekuwa bt. Delta haikuguswa. Iliingia na sauti yake na kiti chake cha nne, ikafanywa pia tarakimu 4. Waathene walikuwa na hesabu nyingine ya zamani zaidi ambamo Δ ilikuwa 10, kwa sababu neno la Kigiriki la kumi, deka, linaanza na sauti hiyo.

Sasa herufi ikatoka kwenye karatasi ikaingia mtoni. Katika karne ya 5 K.K. Herodotus alisafiri Misri. Aliwakuta Wagiriki wa Ionia wamekwisha kuita nchi ya chini ya Nile kwa jina la herufi yao. Karibu na mahali ilipo Kairo leo, mto uliacha kuwa mmoja, ukapanuka kwa matawi hadi Bahari ya Kati. Mgiriki alikuja kwa chombo kutoka kaskazini. Aliikuta pwani ndefu kama msingi mbele yake, na nchi ikimchongoka kuelekea kusini mpaka kwenye ncha moja. Kwake yeye hiyo ilikuwa Δ kamili, iliyosimama wima. Ni sisi tunaotazama ramani zenye kaskazini juu tunaoiona imepinduka.

Herodotus hakuishia kwenye umbo. Alitaka kujua imekuwaje. Alieleza kwamba chombo kikiwa bado mwendo wa siku moja kabla ya kufika nchi kavu, baharia akitia bildi ataleta tope juu kutoka pima 11. Kwa hiyo, alisema, nchi ile ni zawadi ya mto. Imeletwa kidogo kidogo na maji kutoka bara. Alihesabu milango saba ya Nile, mitano ya asili na miwili iliyochimbwa na watu. Leo imebaki miwili, wa Rashidi na wa Dimyati. Ni huko Rashidi ambako mwaka 1799 askari wa Ufaransa walifukua jiwe lenye Kimisri kwa miandiko miwili na Kigiriki, na mwaka 1822 Jean-François Champollion akalitumia kufungua siri ya maandishi ya mafarao. Herufi zilizozaliwa kwa kuigiza picha za Kimisri zilirudi nyumbani baada ya miaka elfu tatu na mia kadhaa, zikamsomea mzee maandishi yake mwenyewe.

Neno lilihama tena. Mwaka 325 K.K. Aleksanda Mkuu alifika Patala, mahali mto Indus unapogawanyika kabla ya kuingia baharini, na waandishi wa Kigiriki wakaifananisha nchi ile na delta ya Misri. Tangu hapo delta si jina la mahali pamoja tena. Wanajiografia huita delta kila nchi ambayo mto umeijenga kwa tope lake mbele ya mlango wake, hata kama umbo lake halina pembe tatu. Haba na haba hujaza kibaba: maji yakipunguza mwendo hushindwa kubeba mchanga, huuweka chini, chungu ikakua, mto ukatafuta njia ya kuizunguka, na kila njia mpya ikazaa tawi.

Hapa lugha yetu ina neno la kusema. Mahali mto unapoingia baharini Mswahili hupaita mlango wa mto. Hakuna aliyetuambia kwamba delta ilikuwa mlango. Wakanaani walichora mlango wakaufanya herufi. Wagiriki wakaichukua herufi bila kujua maana yake, wakaupa mto. Nasi upande wa pili wa Afrika, tukiutazama mto wetu, tukauita mlango. Duara limefungika bila mtu yeyote kulikusudia, na kila ninapolifikiri hunishangaza upya.

Mto wetu wenye delta kubwa ni Rufiji. Unaingia Bahari ya Hindi mkabala na kisiwa cha Mafia kwa milango kadhaa, ukiwamo wa Simba Uranga, na umezungukwa na msitu mkubwa wa mikoko. Vizazi vya Warufiji vimelima mpunga kwa kufuata mafuriko, wakijua kwamba mto unaowatoa nyumbani ndio unaowaletea udongo mpya. Kutoka mikoko hiyo zilikatwa boriti zilizopakiwa majahazini na kupelekwa Uarabuni na nchi za Ghuba, ambako mti wa kuezekea ulikuwa adimu. Katika nyumba za mawe za pwani yetu vyumba ni vyembamba kwa sababu upana wake ulipimwa kwa urefu wa boriti. Delta ilikuwa imeingia katika vipimo vya nyumba zetu kabla ya jina lake kuingia katika vitabu vyetu.

Delta hiyo iliingia pia katika vita vya wakubwa. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Ujerumani, Königsberg, iliishambulia na kuizamisha manowari ya Uingereza Pegasus iliyokuwa imetia nanga Unguja kwa matengenezo. Kisha Königsberg ikaingia Rufiji na kujificha. Meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata, kwa kuwa maji ya milango yale hayakuwa na kina cha kuzibeba, na mikoko ilificha kila kitu. Ilibidi viletwe kutoka Malta vyombo viwili visivyozama sana majini, Severn na Mersey, pamoja na ndege za kuelekeza mizinga. Tarehe 11 Julai 1915 Königsberg iliharibiwa humohumo mtoni. Wajerumani waliokoa mizinga yake 10, wakaiburura bara kuendelea na vita. Mmoja wa mizinga hiyo unaonekana Mombasa hadi leo.

Wakati mito ikipewa jina la herufi, wanahisabati waliipa herufi kazi nyingine. Mwaka 1755 Leonhard Euler, mzaliwa wa Uswisi, alichapisha kitabu cha kalkulasi ambamo Δ ilisimama badala ya tofauti kati ya thamani mbili zinazofuatana. Neno la Kilatini la tofauti, differentia, linaanza na d, na delta ndiyo d ya Wagiriki. Kuanzia hapo Δ ikawa alama ya badiliko. Mwalimu wa fizikia akiandika ΔT ubaoni anauliza: halijoto imebadilika kwa kiasi gani? Mwanafunzi akitafuta mteremko wa mstari hugawa Δy kwa Δx. Mkemia huweka pembetatu hiyo juu ya mshale kuonyesha kwamba mchanganyiko umepashwa moto. Mlango hutenganisha nje na ndani. Δ hupima umbali kati ya kilichokuwa na kilichokuja kuwa. Sidhani Euler aliukumbuka mlango wa Wafoinike, lakini kazi aliyoipa herufi inaufaa.

Madaktari wa mwili nao walitazama msuli mnene unaofunika bega, mpana juu na mchongoko chini, wakauita deltoidi, wenye umbo la delta. Marubani na waongoza ndege, katika alfabeti ya redio iliyoanza kutumika duniani mwaka 1956, husema Delta wanapotaja D ili isisikike kama B au T. Kiwanja cha ndege cha Dar es Salaam katika orodha yao ni HTDA, kwa hiyo jina la mlango hutajwa kila mji huo unapotajwa kwa msimbo huo.

Kisha ukaja mwaka 2021. Virusi vya korona vilikuwa vimebadilika mara nyingi, na kila aina mpya iliitwa kwa jina la nchi ilikogunduliwa: ya Uingereza, ya Afrika Kusini, ya Brazil, ya India. Majina hayo yalikuwa yakiwaadhibu waliosema ukweli, maana nchi iliyopima na kutangaza ndiyo iliyobandikwa ugonjwa. Tarehe 31 Mei 2021 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba aina hizo zitaitwa kwa herufi za Kigiriki. Aina iliyogunduliwa India mwishoni mwa 2020 ilikuwa ya nne katika orodha, ikawa Delta. Iliambukiza kwa kasi kuliko zilizotangulia, na kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa imeenea duniani. Familia nyingi, na huku kwetu pia, zinaukumbuka msimu ule kwa mitungi ya oksijeni na mazishi ya watu wachache.

Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua chanjo ya UVIKO-19 nchini Tanzania kwa kuchanjwa hadharani. Sindano za chanjo hiyo hudungwa begani, kwenye msuli wa deltoidi. Herufi moja ilikuwa jina la adui na jina la mahali kinga ilipoingilia. Kwangu hilo linaonyesha jinsi herufi isivyo na ubaya wala wema wake; hubeba kile tunachoipa.

Nimelisimulia hili kwa sababu jambo moja linanikera katika namna tunavyofundisha. Herufi za Kigiriki huja darasani kama mali ya Ulaya, nasi kama wageni wake. Historia haikubaliani na hilo. Delta ilichorwa kwanza na vibarua wa Kanaani kwa kuigiza Wamisri, Waafrika wa Nile. Wagiriki waliazima, wakaongeza, wakapitisha. Kupitia Waetruria wa Italia ikawa D ya Warumi. Kupitia Waslavi ikawa Д ya Warusi. Kupitia Wanabati ikawa dali ya Waarabu. Kila aliyeishika alikuwa mpokeaji, na kila mpokeaji akawa mtoaji.

Kiswahili kimenufaika kwa matawi mawili ya ukoo huo. Mwaka 1728 huko Pate, Mwengo alipotunga Utendi wa Tambuka, kila d iliandikwa kwa dali. Utendi huo unahusu vita na Herekali, mfalme wa Roma ya mashariki ambaye lugha ya dola lake ilikuwa Kigiriki, kwa hiyo mtoto mmoja wa mlango ule alikuwa akiandika habari za watu walioandika kwa mtoto mwingine. Katika karne ya 19 wamishonari waliandika lugha hiyohiyo kwa D ya Kirumi, na huo ndio mwandiko unaousoma sasa. Lugha chache zimepita katika milango yote miwili.

Nina ombi kwa walimu. Mtoto wa pwani huenda shule asubuhi akaandika D, na jioni huenda chuoni akaandika dali. Tunamwacha aamini kwamba ni dunia mbili zisizojuana. Kisha akifika kidato anaikuta Δ, anaiogopa kama mgeni wa tatu. Siku hiyo mwiteni ubaoni, mziandike zote tatu mstari mmoja: D, د, Δ. Mwambieni kwamba ni ndugu wa baba mmoja, kwamba baba yao aliitwa mlango, na kwamba mlango huo ulifunguliwa na wachimba mawe waliotaka tu kuandika maneno yao wenyewe.